Ndoo ya Mzee Mwinjuma

Ghala la wakulima wa kikundi cha Azimio Jipya, Kwedizinga, liliungua Jumanne saa saba mchana, na mlinzi wake, Mzee Mwinjuma, akafia ndani. Nusu saa kabla ya moshi kuonekana, kijana Sadala alikuwa ametoka pale mkononi ana ndoo. Watu walimkamata, wakampiga, wakamng'oa meno mawili kabla polisi hawajafika. Leo ilikuwa siku ya tisa yuko mahabusu Handeni. Kesho saa tatu asubuhi alikuwa anapandishwa kizimbani kwa kosa la kuua.

Stesheni Sajenti Ernesti alikabidhiwa jalada jana yake jioni, baada ya mpelelezi wa kwanza kulazwa na malaria. Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Lilisema hivi: Jumatatu kikundi kiligawa mbolea, Sadala akanyimwa mgao kwa tuhuma za kuichota mbolea ya ghalani kidogo kidogo. Akaapa mbele za watu, "Mtanikumbuka." Kesho yake ghala likaungua. Nyumbani kwake likakutwa dumu la petroli. Basi.

"Mtu mwenye pikipiki kukutwa na petroli ni kosa?" Ernesti alimwuliza Koplo Hafsa, walipokuwa wanashuka garini.

"Wanasema moto ulikataa maji, afande. Kila wakimwaga, kona ile inazidi kuchemka. Ndiyo wakasema hii ni petroli."

"Wakasema. Nani aliinusa?"

Hafsa alifungua daftari, akapekua. "Hakuna aliyeinusa."

Ghala lilikuwa limebaki kuta nne na mabati yaliyojikunja. Mahindi yaliyoungua yalikuwa yameshaanza kuvunda kwa mvua za wiki ile, na harufu yake ilikaa kooni. Ernesti alizunguka taratibu. Alikuwa mtu mzito, Msambaa wa Mlalo aliyezeekea kazini, na hakuwa na haraka ya kuinama wala ya kuinuka. Kona ya mashariki ndiyo iliyoungua kuliko zote. Sakafu ilikuwa imepasuka. Juu ya sakafu kulikuwa na kitu cheupe kimegandamana, kigumu kama lipu. Akakikwangua kwa ufunguo.

"Mbolea imeyeyuka hapa," Hafsa alisema.

"Wewe si mtoto wa Misima? Umelima. Mbolea ya kukuzia ikiingia motoni inabaki nini?"

Hafsa alifikiri. "Haibaki kitu. Inayeyuka kama samli, inanuka mkojo, imekwisha."

"Basi hii si mbolea. Andika."

Chini ya bati moja walikuta ndoo, ya bati nayo, imelala ubavu. Ndani ilikuwa na utando uleule mweupe, unene wa kidole, na ndani ya utando kilikuwa kimenasa kichupa cha kioo, kidogo, kifuniko chake cha mpira kimeungua.

"Dawa ya kideri," Hafsa alisema. "Mama yangu anachanjia kuku kwa vichupa hivi."

"Mzee alikuwa anafuga?"

"Huku nani hafugi kuku, afande?"

Ernesti alikifunga kichupa katika mfuko. Kuku walikuwa jibu zuri, na yeye majibu mazuri ya asubuhi mapema aliyaogopa.

Nyuma ya ghala lilikuwapo shamba darasa, mahindi ya kikundi yaliyopandwa kwa mistari ili wanachama wajifunzie. Yalikuwa ya magotini, rangi ya kijani kilichopauka, yanangoja mbolea. Isipokuwa mstari mmoja, ule wa karibu na mlango wa nyuma. Huo ulikuwa kijani kibichi cha kuchoma macho, na mahindi yake yalikuwa yameyapita mengine kwa shubiri nzima.

"Nani kautia huu mbolea?"

"Hakuna," alijibu Muhidini, mwenyekiti wa kikundi, aliyekuwa amewasili na kanzu yake nyeupe na simu mbili. "Shamba darasa zamu yake bado. Labda mbuzi wamelala hapo."

"Mbuzi wakalala kwa mstari?"

Muhidini alicheka peke yake, akaacha.

"Humo ndani kulikuwa na nini siku ile?" Ernesti aliuliza.

"Mahindi, afande. Magunia mia na arobaini. Akiba ya kaya thelathini na mbili."

"Na mbolea?"

"Mbolea iliisha Jumatatu. Tuligawa yote, hadi mfuko uliochanika. Ule uliokuwa unaibiwa."

"Na nini kingine?"

"Mahindi tu."

Ernesti aliandika neno *tu*, akalipigia mstari.

Nyumba ya marehemu haikuwa mbali. Mjane wake, Bibi Mashavu, alikuwa eda, hivyo Ernesti alibaki barazani nje ya pazia, Hafsa akaingia. Ernesti alisikia salamu, shikamoo na marahaba, pole na ahsante, kisha sauti ya mwanamke mkavu asiyetaka kulia mbele ya wageni.

"Sadala hakuua," sauti ilisema. "Yule ameshatoa posa kwa Ikram wangu, tumeipokea. Alikuwa anamchotea mume wangu maji kila siku. Utamchotea mtu maji mwezi mzima ndiyo umchome?"

"Watu wanasema walimwona na ndoo, bibi."

"Kwani maji yanachotwa na nini? Ungo?"

Barazani, Ernesti alijikuta anatabasamu.

"Mwanangu," sauti iliendelea, "kwa kuwa wewe ni askari, nisaidie jambo jingine. Mimi nina sukari. Najichoma sindano asubuhi na jioni. Nesi alisema dawa isikae kwenye joto, na humu ndani hatuna friji. Mzee akaniambia ameomba friji dukani. Asubuhi nikishajichoma anaichukua, jioni anairudisha, ya baridi kabisa. Sasa amekufa, na kila duka nililotuma mtu wanasema hawana dawa yangu. Duka gani hilo? Nimepata chupa nyingine kwa taabu, lakini ile ilikuwa haijafika nusu."

Ernesti aliacha kutabasamu. Aliutoa ule mfuko kwenye koti, akakitazama kichupa kwenye mwanga wa jua. Kisha akaurudisha, akamngoja Hafsa atoke.

"Si dawa ya kideri," alimwambia.

Hafsa aligeuka kulitazama ghala. "Alikuwa anaipeleka ghalani? Kwenye mabati, mchana kweupe? Pale si joto kuliko nyumbani?"

"Ndicho na mimi ninachotaka kujua."

Walirudi ofisini kwa Muhidini kumwachia hati ya wito. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, na upande wa mbele, karibu na dirisha, kulikuwa na kipande kimepakwa cheupe, upana wa mlango. Ernesti alipitisha kiganja. Kikatoka na unga.

"Hii ni nini, mwenyekiti?"

"Majaribio tu. Tunatarajia wageni wa mradi. Tulitaka kupaka ofisi na ghala."

"Chokaa."

"Chokaa."

"Umeinunua wapi?"

"Korogwe, Masuguru. Kwa mama mmoja anachoma. Fundi alikuja na ya kwake imeshakorogwa, akapaka hapo tuone rangi."

"Na ya kwenu iko wapi?"

Simu moja ya Muhidini ililia. Hakuipokea.

"Mifuko minne," alisema mwisho. "Tuliiweka ghalani Jumatatu jioni, mzee ameshakwenda nyumbani. Kona ya mashariki, pale mbolea ilipotoka. Lakini afande, mimi sikukuficha. Uliuliza vitu vya thamani. Chokaa ni jiwe. Jiwe litaunguaje?"

"Sikuuliza vya thamani. Niliuliza nini kingine. Ilikuwa kwenye mifuko gani?"

"Mifuko ya kawaida. Ya mbolea iliyotumika. Kila mtu anaitumia, ina nailoni ndani."

Ernesti alimtazama muda mrefu. Alitaka kukasirika na akashindwa. Alikuwa anatazama mtu mzima aliyeanza kuhesabu moyoni na hajafika mwisho wa hesabu.

Saa sita kasoro walikuwa Korogwe. Njiani Hafsa alisimama duka la pembejeo akaomba kilo moja ya mbolea ya kukuzia. "Kuna kitu nataka kukuonyesha, afande," alisema, "lakini ukinicheka sisemi."

Tanuri la chokaa la Mama Hosiana lilikuwa mwisho wa mtaa, nyuma ya uwanja mtupu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, kitambaa kichwani, nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Ernesti alimwamkia kwa Kisambaa, naye akamjibu hivyohivyo, wakaulizana watu wa milimani, nani yuko hai na nani hayupo, mpaka Hafsa akakohoa.

"Chokaa uliyomwuzia Muhidini wa Kwedizinga," Ernesti alisema, "ilikuwa ya mawe au iliyozimwa kwa maji?"

"Ya mawe. Tena mbichi, imetoka tanurini wiki ileile. Niliisaga kidogo aweze kuipima. Nikamwambia, baba, hii usiisogeze na maji mpaka fundi awepo. Akasema anajua."

"Wote wanasema wanajua."

"Wote."

"Mimi sijui. Nifundishe kama mtoto."

Mama Hosiana alimtazama kuona kama anatania. Kisha akaokota jiwe jeupe, jepesi, akampa.

"Hili lilikuwa jiwe la kawaida. Nimelipikia moto siku tatu. Kuni nyingi, kijana wangu, nyingi. Watu wakipita wanauliza, huyu mama anapika jiwe, jiwe linaiva? Linaiva. Limeula ule moto wote. Haukupotea, umo ndani. Sasa likikutana na maji linautoa. Moto nilioutia kwa siku tatu, lenyewe linautoa kwa dakika kumi."

"Linaweza kuwasha kitu?"

"Kwenye pipa la maji mengi, linachemka tu, maji yanalizidi nguvu. Lakini maji kidogo kwenye chokaa nyingi, halafu pembeni kuna makaratasi, kuna majani makavu?" Alionyesha ukuta wa banda lake, ambao upande mmoja ulikuwa mweusi. "Hapo bati lilivuja. Mvua ya usiku mmoja."

Hafsa alikuwa tayari ameomba vikombe viwili vya bati. Alitia maji katika kila kimoja. Katika cha kwanza alimimina mbolea, akakoroga kwa kijiti.

"Shika, afande."

Ernesti alikishika. Kilikuwa cha baridi, na baridi ilikuwa inaongezeka, jasho la maji likatoka nje ya kikombe kama chupa iliyotolewa kwenye friji.

"Kule Misima tukienda kuweka mbolea," Hafsa alisema, "ndoo ya kuyeyushia ndiyo friji yetu. Ukitumbukiza chupa ya soda humo, robo saa unakunywa ya baridi. Watoto wote tunajua. Mbolea ikiyeyuka inalifyonza joto la maji. Sasa mzee wa Kwedizinga asijue?"

Mama Hosiana alitia kiganja cha chokaa kwenye kikombe cha pili. Hakuna kilichotokea. Ernesti alikishika. Cha kawaida.

"Subiri," mama alisema.

"Mbona kimya?"

"Subiri, nimesema. Na toa uso wako hapo."

Dakika zikapita. Kisha maji yakatikisika, yakatoa mvuke, yakaanza kunguruma. Kikombe kikaruka mkononi kwa Ernesti kabla hajaamua kukiachia, na tone moja likamrukia mkononi, likamwacha na doa jekundu. Mama Hosiana akamwagia maji mengi ya mtungi palepale, bila kuulizwa.

"Likikuingia jichoni," alisema, "huoni tena mlango."

Ernesti aliendelea kuutazama mkono wake. Ripoti ya daktari ilikuwa na mstari ambao hakuna aliyeuulizia: macho ya marehemu yalikuwa yameiva, meupe, ilhali nyusi juu yake zilikuwa hazijaungua.

Mahabusu ya Handeni, saa tisa. Sadala aliletwa chumbani akitembea kama mtu anayehofia sakafu. Mdomo ulikuwa bado umevimba. Ernesti alimpa kiti, kisha akamwekea mbele kikombe cha bati, akakoroga ndani yake mbolea iliyobaki.

"Kishike."

Sadala alikishika. Uso wake ulibadilika, akakirudisha mezani taratibu.

"Unajua hiki ni nini," Ernesti alisema.

"Sijui."

"Unajua. Mzee Mwinjuma alikuwa anapozea dawa ya mkewe kwa mbolea ya kikundi. Kopo moja kila siku, kutoka mfuko uliochanika. Wewe ulimletea maji. Jumatatu waliposema mwizi ni wewe, hukumtaja. Siku tisa umenyamaza. Kesho ungenyamaza mpaka kitanzini?"

"Shikamoo, afande," Sadala alisema ghafla, kama aliyekumbuka kwamba hakuwa ameamkia.

"Marahaba. Sema."

"Yule ni mkwe wangu." Maneno yalipita kwa tabu penye pengo la meno. "Amekufa. Niseme marehemu alikuwa mwizi? Mama Ikram yuko eda, ajue kwamba dawa yake ilikuwa ya wizi? Bora mimi. Mimi nina mdomo, nitajitetea."

"Umejitetea vizuri sana, naona."

Hafsa, aliyekuwa anaandika, aliinua macho amkanye mkubwa wake, lakini Sadala alikuwa anacheka, na kucheka kukamgeukia kilio, akajifuta kwa mkono wa shati.

"Siku ile ulimpelekea maji kiasi gani?"

"Robo ndoo, nikammiminia kwenye ndoo yake. Alikuwa hapendi maji mengi, anasema mengi hayapoi haraka. Alinitania, akasema, mkwe, mbolea yenu ya safari hii imechakachuliwa, haipoi. Nilimwacha anaongeza kopo la pili."

"Alikuwa anaona vizuri?"

"Macho yalikuwa na ukungu. Aliijua mifuko kwa kuipapasa. Nailoni ndani, kamba ya bluu juu. Na kona ni ileile. Tulidhani umeletwa mzigo mpya."

Ernesti aliyaona yote kama yamepangwa mezani. Mzee anatia kopo. Anangoja baridi, haiji. Anatia la pili, labda la tatu, anakiweka kichupa, anainama asikilizie kwa kiganja. Ndoo inalipuka usoni. Anaipiga teke bila kuona, maji yanaingia kwenye mfuko ulio wazi, na mfuko umeegemea magunia ya katani yaliyojaa mahindi makavu. Baadaye watu wema wanakuja mbio na ndoo zao.

"Swali la mwisho," alisema. "Yale maji ya mbolea, dawa ikishapoa, aliyamwaga wapi?"

Sadala alishangaa, kana kwamba hilo lilikuwa jambo dogo mno la kuulizwa na polisi. "Shamba darasa. Mstari wa kwanza. Kila jioni. Alisema mbolea ni ya kikundi, basi iingie kwenye mahindi ya kikundi, yeye anaazima baridi yake tu."

Hafsa aliacha kuandika.

Ernesti alimpigia simu mkuu wake, akaongea kwa dakika kumi na mbili, mara mbili kwa ukali. Saa kumi na nusu Sadala alirudishiwa mkanda na viatu vyake, na kabla jua halijazama walikuwa barazani kwa Bibi Mashavu, Ernesti nje ya pazia kama asubuhi, Sadala chini kwenye ngazi, hathubutu kupanda. Muhidini alikuja pia. Hakuna aliyemwita. Alikaa mbali, simu zake zote mbili amezizima.

Hafsa ndiye aliyeeleza. Alieleza yote, hata ya macho, kwa sababu bibi aliuliza.

"Kwa hiyo hakukuwa na duka," sauti ilisema.

"Hakukuwa, bibi."

"Aliniambia friji ya dukani inanguruma kama ng'ombe. Nilimwonea huruma yule mwenye duka kwa bili ya umeme." Sauti ilisita. "Sadala yuko hapo?"

"Nipo, mama."

"Umekula?"

"Bado, mama."

"Ikram, mpe mwenzio chakula. Laini, hana meno."

Usiku huo Ernesti hakulala mapema, kwa sababu jalada lilitakiwa kufungwa, na ukurasa wa mwisho wa jalada la moto huwa na sehemu ya kuorodhesha hasara. Aliijaza kwa mwandiko wake mkubwa, bila kupamba.

Mtu mmoja, miaka sitini na tisa. Magunia mia na arobaini ya mahindi, chakula cha kaya thelathini na mbili. Jengo moja. Chokaa mifuko minne. Kijana mmoja, siku tisa mahabusu na meno mawili. Dawa ya sukari kichupa kimoja, zaidi ya nusu.

Mbolea iliyoibiwa: hakuna. Imeonekana yote, mstari wa kwanza, shamba darasa.